Kwa nini swali "Mbona hukupiga kelele?" humfunga mdomo aliyebakwa?

Manusura wa ubakaji hukutana na swali hili kwenye Dawati la Jinsia polisi, kwa muuguzi, hata kwa mshauri nasaha aliyeisomea kazi yake. Muulizaji huenda anatafuta ukweli tu. Anayeulizwa anasikia hukumu, na wengi hunyamaza papo hapo.

Swali lenyewe halijui mwili unavyofanya kazi. Hofu ikipita kiasi, mtu anaweza kuganda: viungo havisogei, sauti haitoki, japo akili inaona kila kitu. Hachagui. Mwaka 2017 watafiti wa Stockholm, Uswidi, walichapisha matokeo ya wanawake 298 waliofika kwenye kliniki ya dharura ya waliobakwa: asilimia 70 waliganda kwa kiwango kikubwa. Na walioganda ndio waliokuwa hatarini zaidi kupata msongo wa baada ya kiwewe, yaani maumivu ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, miezi sita baadaye. Fikiria mtu huyo anaulizwa mbona hakupiga kelele!

Utulivu nao hupotosha. Tangu 1974, watafiti Ann Burgess na Lynda Holmstrom walieleza walichokiona katika hospitali moja ya Boston, Marekani: baadhi ya wanawake walilia na kutetemeka, wengine walikaa kimya, nyuso zimetulia. Wote walikuwa wamebakwa. Mhudumu anayesubiri machozi ndipo aamini atawakosea wengi.

Lakini mbona hata mwanamke mwenzake, mama wa mabinti, huwa mkali? Nadhani hapa ndipo penye kiini. Tukiamini kwamba aliyebakwa alikosea mahali, labda nguo, labda saa, labda njia aliyopita, tunajituliza kwamba wetu wakijihadhari watasalimika. Kumlaumu yeye kunatuondolea hofu sisi, naye ndiye anayelipa.

"Pole sana. Nakuamini. Si kosa lako." Maneno haya hayavurugi upelelezi wala kumhukumu mtuhumiwa, yanamfanya aliyeumizwa abaki chumbani mpaka apimwe na kutibiwa. Na muda ni mfupi. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Aliyeondoka kwa aibu Jumatatu, akapata ujasiri wa kurudi Ijumaa, atakuta saa hizo zimeshapita.