Chuma kinapokuteleza kabla mgongo haujachoka

Vijana wengi wanaokuja kwetu kitengo cha fiziotherapia wakitokea jimu hawalalamikii mgongo. Wanalalamikia kiwiko, upande wa ndani. Ukiwauliza kilitangulia nini, hadithi zao zinafanana: chuma kilikuwa kinawateleza mkononi wakati mgongo na miguu bado vina nguvu, wakaamua kuutafuta mshiko kwa haraka. Wakanunua kile kifaa cha springi cha kubana kwa kiganja, wakakibana asubuhi na jioni, kila siku, mwezi mzima. Mshiko ukaongezeka kidogo, kiwiko kikaanza kuuma.

Ili kuelewa wanapokosea, jua kwanza nguvu ya mshiko inakaa wapi. Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo kwenye vidole. Imelala kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na mingine imeanzia kwenye mfupa wa ndani wa kiwiko. Kutoka hapo zinashuka kano, mfano wa kamba, hadi kwenye vidole. Kano 9 hupita pamoja na neva moja katika njia nyembamba sana pale kifundoni. Misuli ukiipa mazoezi huongezeka nguvu ndani ya wiki chache. Kano hazipati damu nyingi kama misuli, kwa hiyo hujijenga taratibu, kwa miezi. Anayebana kila siku anaipa misuli kasi ambayo kano haziwezi kuifuata, na maumivu hujitokeza pale zilikoshikizwa kwenye mfupa.

Fanya jaribio dogo hapo ulipo. Kunja kifundo cha mkono kuelekea ndani hadi mwisho, kisha jaribu kufumba ngumi kwa nguvu. Utaona ngumi haikazi. Sasa inua kifundo kidogo, kiganja kielekee nyuma kiasi, ufumbe tena. Tofauti unaihisi mara moja. Wengi wanaosema hawana mshiko wanashika chuma huku kifundo kimekunjika, na kurekebisha hilo tu kunawapa nguvu waliyokuwa nayo tayari.

Kosa la pili ni mahali chuma kinapokaa. Ukikiweka katikati ya kiganja, uzito ukivuta kinateremka chenyewe hadi kwenye shina la vidole, kikiburuta ngozi. Ndiyo maana sugu zinachanika. Kiweke pale kwenye shina la vidole tangu mwanzo, kisha dole gumba likizunguke. Kuacha dole gumba nje wakati wa kunyanyua mzigo mzito kutoka sakafuni ni kujinyima kufuli la mkono. Wanyanyuaji wa Olimpiki huenda mbali zaidi: dole gumba wanaliweka chini, vidole viwili vinalifunika na kulibana kwenye chuma. Mwanzoni inauma, lakini inashika kweli.

Wapo wanaogeuza kiganja kimoja kitazame mbele na kingine nyuma. Chuma hakizunguki tena mkononi, na njia hii inasaidia. Tahadhari ni moja: mkono uliotazama mbele unauweka msuli wa mbele wa mkono katika hali ya kuvutwa, na ukikunja kiwiko wakati wa kunyanyua, kano yake inaweza kukatika. Nyoosha viwiko, na ubadilishe mikono kila seti, yaani kila duru ya kunyanyua.

Kuhusu mazoezi, mimi napendelea yale ya kushikilia kuliko ya kubana, kwa sababu chuma hakikuombi ukiponde, kinakuomba usikiachie. La kwanza ni kuning'inia kwenye chuma cha juu. Anza na sekunde 10 hadi 20, mara tatu, siku mbili kwa wiki. Ongeza sekunde chache kila wiki mpaka ufike dakika moja. Usisubiri vidole vifunguke vyenyewe, shuka ungali na uwezo kidogo. Ukiwa mzito au bega linakusumbua, acha miguu iguse chini ibebe sehemu ya uzito. Dakika moja ikishakuwa rahisi, tundika taulo juu ya chuma ulishike hilo badala ya chuma chenyewe, uone kazi inavyobadilika.

La pili halihitaji jimu kabisa. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20 hivi. Chukua mawili, simama wima, mabega yasidondoke, tembea hatua 30, tua, pumzika dakika moja na nusu, rudia mara tatu. Mama zetu wamechota maji hivi miaka yote, na mikono yao unaijua. Mpini wa dumu ni mwembamba na unakata vidole, basi uzungushie kitambaa. Kama kilo 20 kila mkono ni nyingi, jaza nusu.

Dole gumba nalo lina zoezi lake. Shika sahani mbili za chuma, zile za uzito za jimu, kwa ncha za vidole, pande laini zikiwa nje, au tofali la kuchoma, ushikilie kwa sekunde 15. Na upande wa pili wa mkono usisahaulike: zungushia mpira mwembamba wa kufungia vitu (rubber band) kwenye vidole vyote vitano na uvifungue mara 15 hadi 20. Inaonekana ni zoezi la mtoto, lakini misuli ya upande huo wa kigasha husaidia kukishika kifundo kisiyumbe unapokaza. Haya yote yafanye mwisho wa mazoezi, siyo kabla ya kunyanyua mzigo mkubwa.

Chaki si udanganyifu. Ni magnesi kaboneti, inakausha jasho, na kwa joto la pwani inahitajika. Mikanda ya kufungia mkono kwenye chuma nayo ina nafasi yake, seti za mwisho, pale unapotaka mgongo ufanye kazi baada ya vidole kuchoka. Ukiifunga tangu seti ya kwanza, vidole havijifunzi chochote.

Mshiko tunaupima hata kwa wasionyanyua vyuma. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2015, uliofuatilia watu karibu 140,000 katika nchi 17, ulikuta kwamba kila mshiko ulipopungua kwa kilo 5, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 16. Hiyo haina maana kwamba kubana springi kunarefusha maisha. Mkono unaonyesha hali ya mwili mzima, ndiyo maana tunautazama.

Mwenye shinikizo la juu la damu apime kwanza, maana kukaza mkono kwa muda mrefu hupandisha presha, na asizuie pumzi. Ganzi usiku kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati inaashiria neva inayobanwa kifundoni: pumzisha mkono, uje tukuone. Ukisikia mlio wa kukatika kiwikoni, njoo siku hiyohiyo. Na mtu yeyote, awe mnyanyuaji au la, ambaye mkono wake mmoja umelegea ghafla na kikombe kikamponyoka, asipewe zoezi wala kuchuliwa. Hiyo inaweza kuwa kiharusi, afikishwe hospitali saa ileile.