Paneli ya redio kwenye kokpiti ya nyumbani: tunayoambiana na yaliyo kweli

Kila mara kuna mtu ananionyesha picha ya paneli ya redio aliyojitengenezea kwa ajili ya simyuleta (programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta), plaiwudi imekatwa vizuri, rangi safi kabisa, tarakimu nyekundu zinawaka, halafu swali lake ni lile lile: mbona masafa yanaruka yenyewe, mbona namba zinacheza cheza. Na mara nyingi shida haipo pale anapoitafuta, ipo kwenye kitu alichoambiwa na mwenzake akakishika hivyo hivyo. Naanza na kile ambacho mengine mengi yanazaliwa humo.

Watu wanaamini paneli ndiyo inayotunza masafa. Yaani mtu anakaa anaandika kodi ndefu kwenye Arduino, ile bodi ndogo inayoendesha paneli, inaanza 118.00, inahesabu kila unapozungusha, inafika 136, inarudi mwanzo. Siku ya kwanza inapendeza sana. Kesho yake anafungua ndege nyingine, skrini ya kompyuta inasema 121.50 na paneli yake inasema 124.30, vitu viwili haviongei. Ukweli ni kwamba masafa yanakaa ndani ya simyuleta, paneli ni mikono na macho tu. Ukizungusha nobu paneli inapeleka ujumbe mmoja, "ongeza", simyuleta inabadilisha ile namba ya kusubiri (masafa uliyoandaa ila bado hujaanza kuyatumia), halafu namba mpya inasomwa na kurudishwa kwenye tarakimu zako. Daraja la kazi hiyo lipo tayari na ni la bure, programu ya MobiFlight, inaongea na simyuleta ya Microsoft na X-Plane pia, na huandiki hata mstari mmoja wa kodi. Kipimo chake ni rahisi: badilisha masafa kwa mausi kwenye skrini, paneli lazima ifuate. Kama haifuati bado hujaunganisha, hata kama taa zote zinawaka.

Kuna wanaosema potenshiometa (kama ile nobu ya kuongeza sauti) itatosha badala ya enkoda (nobu inayozunguka bila mwisho, tiki kwa tiki) kwa sababu ni rahisi kupata dukani. Haitoshi. Ile ina mwisho kila upande, haizunguki duara zima, na masafa yakibadilishwa na kitu kingine nobu yako inabaki inaelekea sehemu isiyo sahihi. Nunua enkoda, na ukiweza ile ya nobu mbili kwenye mhimili mmoja, ya nje kwa megahezi na ya ndani kwa kilohezi, maana ndivyo redio zenyewe zilivyo.

"Enkoda niliyouziwa ni mbovu, nazungusha tiki moja inaruka hatua mbili." Hapa nawaomba wadau msiitupe kwanza! Ndani ya enkoda kuna ishara mbili, A na B, zinapishana kidogo, inayotangulia ndiyo inaiambia bodi umeenda kulia au kushoto. Sasa zipo enkoda zinazomaliza mzunguko mzima wa ishara kwenye tiki moja, zipo za nusu, zipo za robo, na kwa nje zinafanana kabisa. Kwenye mipangilio ya MobiFlight unachagua aina, ukichagua siyo utaona hatua zinazidi au unazungusha tiki mbili ndio namba moja isogee. Jaribu aina zote kwanza. Na ule mguu wa katikati, kwenye enkoda tupu isiyo na kibao chake, unaenda kwenye nega, ile iliyoandikwa GND, sio kwenye volti 5, kwa sababu Arduino inavuta A na B juu yenyewe kwa rezista zilizomo ndani ya chipu. Wengi wanaupeleka kwenye volti 5 wakidhani kila kifaa lazima kipewe moto, halafu enkoda inakaa kimya.

Kwenye umeme ndipo tunapoumia zaidi. Imani ni kwamba USB itabeba chochote utakachochomeka. Hesabu hivi: COM (redio ya kuongea) na NAV (ya kuongozea njia), masafa ya kazi na ya kusubiri, tarakimu tano tano, jumla 20. Chipu ya MAX7219, ile inayowasha tarakimu, inabeba tarakimu 8, kwa hiyo unahitaji tatu, DOUT (mguu wa kutoa data) ya moja inaingia DIN (mguu wa kupokea) ya inayofuata, na kutoka kwenye bodi zinatoka nyaya tatu tu za data. Ni safi sana. Ila chipu moja ikiwasha kila kitu kwa mwanga wa juu inaweza kula milliampea 330 hivi, na Arduino Mega ina fyuzi ya milliampea 500 kwenye USB. Yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri mezani, nilipoweka moduli ya tatu (kibao chenye chipu na tarakimu zake) ikawa namba zikijaa 8 zinapepesa, bodi inajikata, inarudi, inajikata tena. Nilibadilisha kodi, nikabadilisha laptop, siku mbili zimeenda. Dawa ilikuwa kushusha mwanga kutoka ngazi ya 15 mpaka ya 6 na kuleta chaja tofauti ya volti 5 kwa ajili ya tarakimu peke yake.

Na hapo hapo kuna uongo mwingine, eti nega za chaja mbili usiziunganishe zitagongana. Lazima uziunganishe! Bodi inapopeleka ishara ya volti 5 ile moduli inauliza volti 5 kutoka wapi, na jibu ni nega ya pamoja. Bila hiyo utaona alama za ajabu ajabu au giza.

Ukiona 118.02 badala ya 118.025 usifungue paneli, redio za tarakimu tano zinaacha ya mwisho, zinaenda 118.00, 118.02, 118.05, 118.07. Kwa Ulaya kwenye chaneli zinazoachana kilohezi 8.33 ndio unahitaji tarakimu sita.

Wengine wanatafuta redio halisi iliyotolewa kwenye ndege wakidhani ni kuchomeka tu. Ile inataka volti 14 au 28, haijui USB ni nini, na ndani ina transmita ya kweli, ukiirusha hewani bila leseni unaingilia masafa ya marubani, ikiwemo 121.5 ya dharura. Toa matumbo yote, baki na uso na nobu.

La mwisho, nobu ya kilohezi. Ukiwa 118.97 ukaongeza tiki moja, redio nyingi halisi zinarudi 118.00, hazipandi 119.00. Kwenye simyuleta ya Microsoft kuna amri mbili za kuongeza, moja jina lake linaishia na CARRY, hiyo ndiyo inayopandisha megahezi. Chagua ile isiyo na CARRY, mkono wako utazoea kilichopo kwenye ndege yenyewe.