Onyo si hitilafu

Kila majira ya baridi yanapoingia, ndugu na marafiki wanaoendesha kwenye theluji hunitumia picha ileile. Dashibodi, taa ya njano inawaka, na chini yake maneno: "Gari limeharibika tena." Wiki hii nimepokea ya nne. Ilikuwa alama ya theluji tu.

Onyo la dashibodi ni taa au maandishi yanayomwambia dereva kuna hali ya kuangalia kabla haijawa balaa. Hitilafu ni kitu kilichoharibika. Onyo linaweza kuwapo bila hitilafu, na kwenye baridi mara nyingi ndivyo ilivyo.

Neno lenyewe linatuambia. Kuonya kumetokana na kuona: kumwonya mtu ni kumfanya aone. Ukilinyambua zaidi unapata kuonyesha. Mzee anayemwonya kijana asipite njia fulani usiku hajasema kijana ameshaibiwa. Hitilafu nalo tulilitoa kwenye Kiarabu, likiwa na maana ya tofauti, kutopatana, na hadi leo watu wakikosana tunasema wamehitilafiana. Chombo chenye hitilafu ni kama kimekosana na kazi yake. Sasa niambie, gari linalokuambia "nje kuna baridi" limekosana na nani?

(Hata dashibodi haikuanza na habari za ubovu. Kwa Waingereza neno hilo lilikuwa jina la ubao wa mbele wa gari la farasi, uliowekwa ili matope yanayorushwa na kwato yasimfikie aliyekaa nyuma.)

Hiyo alama ya theluji kwenye magari mengi huwaka joto la nje likishuka hadi nyuzi 3 au 4 za Selsiasi. Watu hunibishia kwamba maji huganda kwenye sifuri, kwa hiyo sensa imekufa. Haijafa. Sensa inapima hewa, kwa kawaida ikiwa imefichwa huko mbele karibu na bampa, haipimi lami. Lami inaweza kuwa imeshaganda wakati hewa bado iko juu ya sifuri, hasa kwenye daraja, ambako baridi inapiga juu na chini. Gari linakuonya kuhusu barabara. Lenyewe ni zima kabisa.

Taa ya tairi, ile inayowaka presha ya upepo ikipungua, ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu watu huikosea pande zote mbili. Wa kwanza anasema tairi limetoboka. Chukua tairi linalotakiwa kuwa na 32 psi (kipimo cha presha ya upepo), lakini wewe ulizembea likawa 29 siku yenye nyuzi 20. Asubuhi moja unaamka ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Hakuna msumari, hakuna valvu inayovuja, na bado kipimo kitasoma chini kidogo ya 24. Upepo uliomo ni uleule, ila umejikunyata kwa baridi. Sheria ya Marekani inataka taa iwake presha ikishuka asilimia 25 chini ya kiwango cha mtengenezaji, na robo ya 32 ni 8. Imefika 24, taa inawaka. Hesabu hiyo imekamilika bila kitu chochote kuharibika.

Wa pili, mjuaji, anasema basi hilo ni onyo la uongo, ataendesha hadi lizime lenyewe. Na kweli likishatembea tairi hupata moto, presha hupanda, taa inaweza kuzima, naye anajiona ameshinda. Lakini 24 ni 24, iwe imeletwa na baridi au na msumari. Tairi lenye presha ndogo linabonyea zaidi, linajipasha moto, linalika pembeni, na breki zinahitaji nafasi ndefu zaidi. Onyo lisilo na hitilafu halijawa uongo.

Rangi nazo zina usemi wake: nyekundu ni simama, njano ni shughulikia mapema, kijani na buluu ni taarifa. Kuna mtu alipaki gari pembeni akisubiri fundi kwa sababu ya alama ya kipimajoto ya buluu kwenye dashibodi. Gari lilikuwa linamwambia injini bado haijapata moto. Theluji ikiziba rada au kamera ya mbele, ambazo gari hutumia kuona kilicho mbele na kusaidia kushika breki, maandishi yatasema msaada wa breki haupatikani. Shuka, pangusa, endelea.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa picha ya nne, gari lako halijaharibika, limekuonya. Punguza mwendo kwenye madaraja. Na ile taa ya tairi ikija, maana itakuja, pima upepo asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa baridi, ujaze hadi namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usifuate ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi, hiyo ni ukomo wa tairi lenyewe. Ila taa hiyo ikianza kwa kupepesa kama dakika moja na zaidi kila unapowasha gari, kisha ikatulia bila kuzima, mfumo wa kupima ndio wenye tatizo, na pengine ni betri ya sensa mojawapo iliyochoka. Hapo niandikie "hitilafu" na sitakubishia.