Halali si ya nchi za Kiislamu peke yake

Wengi tumekua tukiamini kwamba bidhaa halali huuzwa nje na nchi za Kiislamu, na wengine wote ni watazamaji. Sokoni mambo ni tofauti. Muuzaji mkubwa kuliko wote wa kuku wa halali duniani ni Brazili, ambako Waislamu hawafiki hata asilimia 1 ya wananchi. Yule kuku aliyegandishwa kwenye friji ya duka la Dubai au Jeddah, mara nyingi katokea huko.

New Zealand ndiyo inayonivutia zaidi. Baada ya mapinduzi ya 1979, Iran iliendelea kuhitaji nyama ya kondoo ya New Zealand, ila kwa sharti la kuchinjwa kwa sheria ya Kiislamu. Machinjio yakajipanga upya. Kondoo hupigwa shoti ya umeme kichwani, akazimia tu. Moyo unadunda, na angeachwa angezinduka. Hapo mchinjaji Mwislamu hutaja jina la Mwenyezi Mungu na kupitisha kisu. Leo kondoo wengi wa nchi hiyo huchinjwa hivyo, hata wanaoishia kwa walaji wasio Waislamu, kwa kuwa kutenganisha kazi ni gharama.

Kumbe kinachoingiza fedha za kigeni ni cheti kinachoaminika, pamoja na mnyororo wa baridi usiokatika, yaani nyama kubaki kwenye ubaridi tangu machinjioni hadi sokoni. Malaysia, ambayo kweli ni ya Kiislamu, ilianza kutoa uthibitisho wa halali mwaka 1974. Hata mbuzi wa Kenya wanaochinjwa, kupozwa na kupakiwa ndegeni kwenda Ghuba hawapokelewi bila karatasi hiyo.