ETRTO: namba ya kusoma kabla ya kununua tairi la baiskeli ya zamani

Tairi la inchi 29 hukaa kwenye ringi ndogo kuliko tairi la inchi 27. La inchi 27.5 hukaa kwenye ringi ndogo kuliko hizo zote mbili. Hakuna kosa la uchapaji hapo. Ndivyo namba za matairi ya baiskeli zilivyo, na anayeumizwa nazo kuliko wote ni mwenye baiskeli ya resi ya miaka ya 1960, 1970 au mwanzoni mwa 1980. Anakwenda dukani na namba aliyoikuta kwenye tairi lililochakaa, anapewa tairi lenye namba inayokaribiana nayo, akifika nyumbani haliingii. Likiingia kwa urahisi mno, ndipo pa kuogopa zaidi.

Inayokata ubishi ni namba nyingine, iliyochapwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi kwa maandishi madogo: 32-630, 28-622, 37-590. Hiyo ndiyo namba ya ETRTO, shirika la Ulaya linaloshughulikia viwango vya matairi na ringi. Mfumo huohuo umo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5775, kwa hiyo wengine huiita namba ya ISO. Tarakimu mbili za mwanzo ni upana wa tairi likiwa limejaa upepo, kwa milimita. Tatu za mwisho ni kipenyo cha kitako cha ringi, nacho kwa milimita.

Kitako ni kipi? Vua tairi na tyubu, kisha tazama ringi kwa ndani. Kuna kuta mbili zilizosimama, moja kila upande, na chini ya kila ukuta kuna ukanda mwembamba unaozunguka ringi nzima. Hapo ndipo ukingo wa tairi unapokaa, ule ukingo mgumu wenye waya ndani yake. Waya huo hautanuki. Duara lake lazima lilingane na duara la kitako, na tofauti ya milimita chache inatosha kuharibu kazi. Upana wa tairi unaweza kuongeza au kupunguza kidogo ukaendelea na safari. Kipenyo hakina mjadala.

Namba za inchi hazikuanza kama uongo. Zilipima kitu kingine: kimo cha gurudumu zima, tairi likiwa limejaa, kutoka ardhini hadi juu. Chukua 28 × 1 1/2, tairi la baiskeli ndefu nyeusi za Kiingereza. Kitako ni 635. Ongeza milimita 38 za tairi (ndiyo ile inchi 1 1/2) chini na 38 nyingine juu, unapata 711, ambazo ni inchi 28. Hesabu safi kabisa. Wafaransa nao walifanya hivyohivyo kwa milimita: 700 ilikuwa kimo cha gurudumu, na herufi iliyofuata ilionyesha unene wa tairi, A likiwa jembamba, B la kati, C nene. Ili kimo kibaki 700 huku tairi likinenepa, ringi ilibidi ipungue. Ndiyo maana 700A ni 642, 700B ni 635, na 700C ni 622.

Mambo yalivurugika watu walipotaka matairi membamba zaidi au manene zaidi kwenye ringi zilezile. Tairi la 700C la milimita 25 lina kimo cha 672 tu, lakini jina halikuguswa. Baadaye watengenezaji wa baiskeli za milimani wakaichukua ringi ya 622, wakaivisha tairi nene, kimo kikafika inchi 29, na jina la mauzo likapatikana. Ringi ya 584, iliyokuwa 650B ya Wafaransa, ikavishwa tairi nene vilevile ikawa 27.5. Ile 27 ya zamani haikuguswa. Kitako chake bado ni 630.

Sasa tuje kwenye baiskeli yenyewe. Ikiwa ni ya resi, usukani umepinda kwenda chini, ya gia kumi au kumi na mbili, na ilitengenezwa Uingereza, au kokote kwa soko la Marekani, katika miaka ya 1970, uwezekano mkubwa ni kwamba ina 27 × 1 1/4, yaani 32-630. Schwinn Varsity zilizojaa Marekani wakati ule zilivaa tairi hilo, na Raleigh nyingi za gia kumi pia. Kufikia miaka ya 1980 watengenezaji walikuwa wanahamia 700C, kwa hiyo baiskeli ya muongo huo inaweza kuwa na mojawapo, na kwa jicho tu huwezi kutofautisha. Tofauti ya 630 na 622 ni milimita 8 za kipenyo, nne kila upande.

Kundi la inchi 26 ndilo vurugu tupu. Tairi la 26 × 1 3/8 la baiskeli za Kiingereza za gia tatu ni 590. La 26 × 1 1/4 ni 597. La 26 × 1 1/2 ni 584. Schwinn walikuwa na 26 × 1 3/8 yao wenyewe, nayo ni 597, si 590. Na 26 × 1.75 ya baiskeli za milimani ni 559, ilhali 26 × 1 3/4 ya Schwinn ni 571. Hesabu ya darasani inasema 1.75 na 1 3/4 ni kitu kimoja, ringi inakataa. Fundi Mmarekani Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008 baada ya kuelimisha waendesha baiskeli wengi kuliko mtu mwingine ninayemjua, aliifanya hiyo kuwa kanuni: tairi lililoandikwa kwa nukta na lililoandikwa kwa sehemu hayabadilishani, hata kama namba zinalingana kihesabu.

Huku kwetu Afrika Mashariki kuna mtego wa aina yake. Ukimwambia muuzaji wa vipuri "nataka ishirini na nane", atakuletea 28 × 1 1/2, yaani 635. Ana haki, maana hilo ndilo tairi la Phoenix, la Hero, la Avon, la zile ambazo Kenya huitwa Black Mamba, na ndizo zinazobeba mikaa, maziwa na abiria. Lakini baiskeli ya mtumba iliyotoka Ujerumani au Uholanzi inaweza kuwa na tairi lililoandikwa 28 × 1 5/8 × 1 3/8, na hilo ni 622. Zote "ishirini na nane". Tofauti ni milimita 13, na fundi anaweza kutoka jasho nusu saa akidhani tatizo ni vidole vyake.

Upande wa neema upo pia. Baiskeli za mtumba za Japani, zile za kikapu mbele, mara nyingi huwa na 26 × 1 3/8 au 27 × 1 3/8. Hiyo ya pili ni 37-630. Maana yake tairi la baiskeli ya sokoni ya Kijapani linaingia vizuri kwenye ringi ya baiskeli ya resi ya mwaka 1975, mradi uma (foko, ile inayoshika gurudumu la mbele) na fremu viwe na nafasi ya kulipitisha. Si tairi jepesi, lakini linapatikana.

Ikiwa baiskeli imekuja bila matairi, au maandishi yamefutika, kuna kupima. Hapa wengi hukosea kwa namna ileile: hupitisha futi kamba katikati ya gurudumu, kutoka ukingo wa nje wa ringi hadi ukingo wa upande wa pili, wanasoma 634 au 635, wanakwenda kununua 635. Wamepima juu ya ukuta badala ya kitako. Ukuta wa ringi huwa na kimo cha milimita 6 hivi, na kuna kuta mbili katika kipimo hicho, kwa hiyo ringi inayosoma 634 kwa nje ni ya 622. Ya 630 itasoma 642 hivi.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuzungusha. Tafuta uzi usiovutika au kipande chembamba cha waya, ukilaze ndani ya ringi, kwenye ule ukanda wa kitako chini ya ukuta, ukizungushe mpaka ukutane, utie alama, ulaze chini na kupima urefu. Kwa 622 utapata milimita 1,954. Kwa 630 ni 1,979. Kwa 635 ni 1,995, na kwa 590 ni 1,853 au 1,854. Kilichokuwa tofauti ya milimita 8 kwa kipenyo kimekuwa 25 kwa mzunguko, hata futi kamba ya fundi cherehani inaiona. Ila hakikisha uzi hautumbukii kwenye mfereji wa katikati zilipo nati za spoku. Huko utapata namba ya chini isiyo na maana.

Ukivisha tairi la 622 kwenye ringi ya 630, kwa kawaida halitaingia, na ukilazimisha kwa bisibisi utaumiza waya wa ukingo au kutoboa tyubu. Kinyume chake ndicho hatari. Tairi la 630 kwenye ringi ya 622 linaingia kwa mikono mitupu, unafurahi, unajaza upepo, sehemu moja ya ukingo inapanda juu ya ukuta, tyubu inachungulia kama puto, kisha mlio. Ikitokea ukiwa uani ni hasara ya tyubu. Ikitokea mteremkoni ni habari nyingine.

Kipenyo kikipatikana, bado kuna upepo. Ringi nyingi za zamani, hasa za chuma na zile za alumini za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1970, zina kuta zilizonyooka. Ringi za kisasa za tairi la waya, kwa sehemu kubwa, zina kijino kidogo juu ya ukuta kinachoshika ukingo usitoke. Pitisha kidole ndani ya ukuta; ukikuta kijino utakihisi. Kama hakipo, usifuate namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi jipya hata kama inasema psi 100 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Baki kwenye 70 au 75 hivi. Na kwa ringi ya namna hiyo chagua tairi la ukingo wa waya wa chuma. Yale ya kukunjika, ambayo ukingo wake ni wa nyuzi za Kevlar, yanahitaji kile kijino.

Kuhusu upana, ushauri wangu ni kuchukua nene kadiri fremu inavyoruhusu. Watu huona baiskeli ya resi wakadhani ni lazima tairi liwe kama kamba. Baiskeli za miaka ya 1970 nyingi zilijengwa kwa 32, tena na madigadi juu yake, na ukizivisha 25 unabaki na pengo la kuchekesha chini ya breki na mtikisiko wa bure mikononi. Pima penye nafasi ndogo kabisa: chini ya breki, kati ya miguu ya uma, na kule nyuma karibu na pedali. Acha angalau milimita 4 kila upande, maana ringi za zamani huyumba kidogo, na kokoto hunasa.

Je, ubadilishe magurudumu uhamie 622, ambako matairi ni chungu nzima? Kama ringi ni za alumini na spoku zimekaza, sioni sababu. Tairi la 630 bado linatengenezwa: Panaracer wana Pasela, Schwalbe wana Marathon, Continental nao wapo. Kama ringi ni za chuma kilichopakwa kromu, hapo nakubali ubadilishe, si kwa ajili ya tairi bali kwa ajili ya breki, kwa sababu chuma kikilowa mvua breki zake ni za kuomba Mungu. Viatu vya breki itabidi uvishushe milimita 4, jambo ambalo breki nyingi za zamani zina nafasi nalo. Angalia pia upana wa habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma: fremu nyingi za wakati ule ni milimita 120 au 126, na magurudumu ya resi yaliyofuata ni 130.

Kwa 28 × 1 1/2 yenye breki za vyuma vya kuvuta, usijaribu kabisa. Breki hizo hukandamiza ringi kwa upande wa ndani, ule unaotazama habu, na ringi ya kisasa haina sura ya kuzipokea.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha gurudumu si la tairi la kushona, lile linalofunga tyubu ndani yake na kubandikwa kwa gundi. Ringi yake haina kuta. Ni bonde jepesi tu kwa juu. Baiskeli ghali za mashindano za zamani nyingi zilikuja nazo, na tairi la waya haliwezi kukaa hapo hata kidogo.

Tyubu haina masharti makali. Mpira wake unavutika, kwa hiyo ileile hutumika kwa 622, 630 na 635 mradi upana ukubaliane. Tazama tundu la valvu: la milimita 6.5 ni la Presta, ile nyembamba, na valvu nene ya aina ya gari inahitaji 8.5.