Miaka 18 si mwisho wa safari ya soka

Mitaani kuna imani kwamba dogo asipopata timu Ulaya kabla ya kutimiza miaka 18, ndoto imekufa. Imani hii inawaumiza wazazi wengi, na matapeli wanaijua vizuri.

Kanuni za uhamisho wa wachezaji za FIFA, shirikisho la soka duniani, zinasema kinyume. Kifungu cha 19 kinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake. Misamaha ipo, lakini ni michache: mifano ya kawaida ni pale wazazi wanapohamia huko kwa sababu zisizohusu soka, au kijana wa miaka 16 na kuendelea anapohama ndani ya Umoja wa Ulaya. Kijana wa miaka 15 wa Mbagala hasajiliwi Ubelgiji kwa kipaji tu, hata awe anapiga mashuti kwa miguu yote miwili. Anayemshawishi baba auze kiwanja ili mtoto "awahi" usajili huo anauza kitu ambacho klabu yenyewe hairuhusiwi kutoa.

Mtazame mshambuliaji wa Tanzania, Mbwana Samatta, aliyezaliwa Desemba 1992. Alipita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015. Genk ya Ubelgiji ilimchukua Januari 2016, akiwa na miaka 23. Miaka minne baadaye alikuwa Aston Villa, na mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu England, dhidi ya Bournemouth, alifunga kwa kichwa.

Wakala halali wa wachezaji ana leseni ya FIFA. Mzazi, omba uione, kisha waulize TFF, shirikisho la soka Tanzania, kabla hujatoa hata senti.