Miche ya Kipaimara: Yanayosemwa Nje ya Kanisa na Yaliyo Kweli

Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, vijana wa kipaimara hupanda miti kabla ya kubarikiwa. Aliyeusukuma sana utaratibu huu ni Askofu Fredrick Shoo, hadi watu wakamwita "askofu wa miti". Mimi naupenda kwa moyo wote. Ndiyo maana yananiuma baadhi ya maneno ninayoyasikia ibada ikiisha, watu wakisubiri uanze mnada wa ndizi na mayai yaliyotolewa sadaka. Yanasemwa kwa nia njema, lakini yanatukaushia miche.

"Mungu alitupa dunia tuitawale."

Anayesema hivi amesoma Mwanzo 1:28 akafunga kitabu. Sura inayofuata, mstari wa 15, mtu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza". Kazi ni mbili, na ya pili ndiyo tunayoisahau. Mtu aliyekulia kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hahitaji mhubiri wa kumfafanulia hilo: kahawa chini ya migomba, migomba chini ya mti wa kivuli wa mringaringa, na mfongo, yaani mfereji, uliochimbwa na mababu ukipitisha maji kwa zamu. Ulikikuta kihamba, utakiacha. Tena Kumbukumbu la Torati 20:19 inalikataza jeshi linalouzingira mji lisitie shoka miti ya matunda. Ikiwa hata vitani mti umewekewa ulinzi, sisi tulio kwenye amani tuna udhuru gani?

"Bwana anarudi, nchi itateketea tu."

Maneno ya moto yamo katika 2 Petro 3, ni kweli. Ila mstari unaofuata unauliza tunapaswa kuwa watu wa mwenendo gani wakati tunangoja. Na sijamwona Mkristo aliyeacha kumlipia mtoto ada kwa sababu Bwana anarudi.

"Theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiisha, maji yameisha. Tupande miti ili theluji irudi."

Hapa pana mambo mawili yaliyochanganywa, na inafaa tuyatenganishe taratibu.

Kwamba barafu inaisha ni kweli. Takriban asilimia 85 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka 1912 lilikuwa limebaki tupu kufikia 2007. Lakini mito yetu haikuwa ikiishi kwa barafu hiyo. Kule juu hewa ni kavu na jua ni kali, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke papo hapo bila hata kuwa maji. Weruweru, Kikafu na Karanga hupata maji yake hasa kutoka kwenye msitu. Mteremko wa kusini, ndani ya msitu, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Juu ya hapo ukungu unaopita hunaswa na majani na mimea inayoning'inia matawini, ukadondoka tone kwa tone hadi ardhini.

Basi hatari iliyo karibu nasi ni moto. Tangu miaka ya 1970 umekula sehemu kubwa ya msitu ule wa juu, na Oktoba 2020 mlima uliwaka siku kadhaa mfululizo. Mtu anayerina asali kwa mwenge msituni wakati wa kiangazi anaweza kuziumiza chemchemi kuliko barafu yote inayoyeyuka. Sijasikia mahubiri mengi juu ya moto huu, na ningependa kuyasikia.

Je, mti uliopandwa Machame au Marangu utarudisha theluji? Hapana. Tusiwaahidi watoto hivyo. Tuwaambie tunapanda kwa ajili ya chemchemi, udongo, kivuli cha kahawa na kuni za kesho. Sababu hizo zinatosha.

"Mti ni mti, alimradi umepandwa."

Mkaratusi hukua upesi na una faida yake: nguzo, mbao, kuni. Mahali pake si kwenye chemchemi, kwa maana unakunywa maji mengi mno. Migrevilea inafaa mipakani na kwenye kahawa. Kando ya mto wazee waliacha mikuyu na misesewe, na walijua kwa nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Sharika zenye mashamba kando ya mito zianze kwa kupima mashamba yake kabla ya kumwonyesha jirani kidole.

"Afrika haichafui hewa, hili ni la wengine."

Bara letu lote linatoa sehemu ndogo tu ya gesi zinazoipasha dunia joto. Wenye viwanda wana deni, na kanisa lisione haya kulisema. Hata hivyo moshi wa jikoni kwetu ni wetu. Zaidi ya asilimia 80 ya kaya za Tanzania zimekuwa zikipikia kuni na mkaa, na anayeuvuta moshi huo ni mama. Itazame sherehe moja tu ya kipaimara: magogo mangapi yanaingia chini ya masufuria ya pilau? Kijana amepanda miche asubuhi, jioni tumemchomea mti mzima. Jiko banifu kubwa la usharika, linaloazimwa na familia zenye sherehe, lingeokoa kuni nyingi.

"Tumeshapanda, kazi imekwisha."

Hili ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Tunapenda kupanda tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, kwaya ikiimba na picha zikipigwa. Lakini Juni masika yamekwisha. Huko ukanda wa chini mche unaingia ardhini ukikabili miezi ya ukavu hadi vuli, na mbuzi hawajui tarehe. Mche upandwe mvua za Machi zikishika, shimo likiwa limechimbwa mapema na kutiwa samadi, kisha uzungushiwe miiba.

Kila mche uandikwe kwenye daftari: jina la kijana, mahali ulipo, na jumuiya iliyo jirani itakayoumwagilia. Mnadani, karibu na jogoo na mkungu wa ndizi, tunadishe madumu ya maji. Halafu tuhesabu mwezi Februari, jua likiwa kali. Idadi ya kutangaza madhabahuni iwe ile ya miche iliyo hai siku hiyo.